Swichi ya Ofisi Yako: Fahamu Unacholipia

Vyama vingi vya akiba na mikopo, zahanati, shule na nyumba za wageni hupokea ankara kifani ya ufungaji wa mtandao wa ndani yenye mstari mmoja wa gharama kubwa na maneno machache: swichi ya poti 24, L3, VLAN, PoE. Mhusika huona haya kuuliza, akaidhinisha malipo. Kuuliza si ujinga. Katika sehemu hii tunaeleza maana ya istilahi hizo na namna ya kuthibitisha kuwa ulicholipia kinafanya kazi.

Swichi na ruta

Swichi ni kifaa kinachounganisha kwa kebo kompyuta, printa, kamera na simu za mezani zilizomo katika jengo ili zipelekeane taarifa. Matundu yake ya kuchomekea kebo ndiyo mafundi huyaita poti. Mfumo unaotumika huitwa Itherneti. Ulibuniwa nchini Marekani mwaka 1973, na kebo yake ya shaba kwa kawaida haipaswi kuzidi urefu wa mita 100.

Ruta huunganisha mtandao mmoja na mwingine, kwa mfano ofisi yako na intaneti. Swichi iliyoandikwa L3 ni swichi iliyoongezewa sehemu ya kazi ya ruta: huweza kupitisha taarifa kutoka mtandao mmoja wa ndani kwenda mwingine. Jengo lenye idara nyingi huihitaji. Ofisi yenye kompyuta tano mara nyingi hutosheka na swichi ya kawaida pamoja na ruta iliyopo.

Kasi

Poti ya gigabiti moja hupitisha megabiti 1,000 kwa sekunde, lakini kasi hiyo ni ya ndani ya jengo. Ikiwa huduma yako ya intaneti ni ya megabiti 20 kwa sekunde, swichi ya bei kubwa zaidi haitaiongeza. Usikubali kuuziwa swichi kama tiba ya intaneti ya polepole kabla chanzo cha tatizo hakijapimwa.

VLAN

VLAN ni njia ya kuigawa swichi moja katika mitandao kadhaa iliyotengana, kana kwamba kila idara ina swichi yake. Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye dirisha la malipo, ofisi ya mikopo, kamera za ulinzi na Wi-Fi ya wanachama wanaosubiri huduma. Ni busara Wi-Fi hiyo iwe peke yake, mbali na kompyuta zenye kumbukumbu za wanachama.

Hapa pana jambo ambalo wateja wengi hawaelezwi. Swichi ya L3 ikishawashwa kazi ya kuelekeza taarifa, kwa kawaida hupitisha taarifa kati ya VLAN zote inazozielekeza, mpaka fundi aiwekee kanuni za kuzuia. Kwa hiyo ofisi inaweza kuwa na VLAN nne katika ankara, na bado mgeni aliyeketi ukumbini akazifikia kompyuta za ofisi ya mikopo. Kugawa bila kanuni za kuzuia ni sawa na kujenga kuta na kuacha milango wazi.

PoE

PoE ni uwezo wa swichi kupeleka umeme kupitia kebo ileile ya taarifa, ili kamera au simu isihitaji waya mwingine wa umeme. Kiwango cha mwaka 2003 huruhusu hadi wati 15.4 kwa poti. Cha mwaka 2009 huruhusu hadi wati 30. Angalia pia jumla ya wati ambazo swichi nzima inaweza kutoa. Swichi ya poti 24 yenye jumla ya wati 185 hutosheleza vifaa 12 tu, iwapo kila kimoja kinahitaji wati 15.4. Kifaa cha 13 kinaweza kukosa umeme ingawa poti zingali wazi.

Kabla ya kutia saini ya kupokea kazi

Mwombe fundi afanye majaribio yafuatayo mbele yako, kabla shughuli za ofisi hazijaanza:

1. Aunganishe simu kwenye Wi-Fi ya wageni, kisha ajaribu kufungua kamera na printa za ofisi kwa anwani zake. Zisifunguke.

2. Awashe kamera zote kwa pamoja, ikiwezekana gizani, kwa kuwa taa za kuonea usiku huongeza matumizi ya umeme. Zote ziendelee kuonyesha picha.

3. Achomeke ncha mbili za kebo moja kwenye poti mbili za swichi. Kosa hili likitokea kwa bahati mbaya, taarifa huzunguka bila kikomo na kuusimamisha mtandao wote. Swichi iliyowekewa kinga huifunga njia hiyo yenyewe.

4. Akukabidhi nenosiri jipya, lisilo lile la kiwandani, nakala ya mipangilio, na mchoro unaoonyesha kila poti inahudumia nini.

Ikiwa swichi imekwisha kutumika kwingine, uliza pia kama mtengenezaji bado anatoa masahihisho ya usalama kwa toleo hilo. Bei nafuu ya kifaa kisichorekebishwa tena huweza kuwa ghali baadaye.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Fundi akishaondoka, dhamana hiyo inabaki kwako. Hivyo basi, usipokee kazi kwa kusoma maneno yaliyo katika ankara; ipokee baada ya kuona kila neno likifanya kazi yake.