SACD au CD ya Kawaida: Unalipia Nini Hasa?

Ukikuta albamu moja inauzwa kwa namna mbili, CD ya kawaida na SACD (Super Audio CD) ya bei kubwa zaidi, usikimbilie namba za jaladani. Uliza kwanza nakala hiyo ilitayarishwa na nani, na kutoka kanda ipi.

Namba zenyewe hazina siri. CD, iliyoletwa sokoni na Sony na Philips mwaka 1982, hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kihisabati, ili unase masafa fulani sharti upime zaidi ya mara mbili yake, ndiyo maana CD hufika kilohezi 22 hivi. Sikio la kijana hukomea karibu na 20; la mtu mzima hukomea chini zaidi. Biti 16 nazo huacha desibeli kama 96 kati ya mnong'ono na kishindo, nafasi ambayo kanda nyingi za studio za miaka ya 1960 hazikuweza kuijaza.

Mwaka 1999 kampuni hizohizo zilileta SACD, na DVD-Audio ikafuata mwaka 2000 ikiwa na biti 24 na vipimo hadi 192,000 kwa sekunde. SACD hupima mara 2,822,400, lakini kila kipimo ni biti moja tu, kwa hiyo kuziweka namba hizo bega kwa bega na za CD ni kujidanganya.

Je, masikio yanasemaje? Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran wa Boston walichapisha jaribio lao. Walipitisha sauti ya diski hizi za hali ya juu kwenye kifaa kilichoishusha hadi kiwango cha CD, wasikilizaji wakaulizwa ipi ni ipi bila kuambiwa. Katika majaribio 554 walipatia 276, yaani sawasawa na kubahatisha. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alikusanya tafiti 18 akapata wastani wa asilimia 52.3, waliofunzwa kusikiliza wakifanya vizuri zaidi. Tofauti huenda ipo, lakini ni finyu.

Hata hivyo Meyer na Moran walikiri jambo ambalo wabishi wa pande zote hulisahau: diski nyingi za SACD walizotumia zilisikika vizuri kuliko CD nyingi za madukani. Sababu ni fundi. Anayetayarisha SACD anajua mnunuzi atakaa kitako asikilize, basi huacha ngoma ipande na sauti ndogo ibaki ndogo. CD nyingi, hasa tangu miaka ya 1990, zilibanwa ili kila kitu kipige kelele kwa nguvu moja. Death Magnetic ya Metallica, ya mwaka 2008, ilibanwa hadi mashabiki wakalalamika. Kosa hilo si la CD, na kulihamishia kwenye biti 24 hakulirekebishi.

Unaweza kujipima nyumbani. Tafuta SACD yenye tabaka mbili, moja ya CD, na deki inayosoma zote. Sawazisha ukubwa wa sauti kwanza, maana iliyozidi hata kidogo tu huonekana "safi" zaidi. Hapa ndipo wauzaji huwapata wengi. Kisha mwenzako abadilishe tabaka bila wewe kuona, mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, si rahisi kuwa bahati. Ila kumbuka kwamba pengine tabaka hizo zilitayarishwa tofauti, na unachosikia ni mkono wa fundi.

Kama fedha ni za kuhesabu, anza na spika na mahali unapoziweka. Spika iliyosukumwa kwenye kona huvimbisha besi kwa kiasi ambacho hata mgeni asiyejali muziki atakisikia.

Ukiamua kununua SACD, soma jalada. Yenye tabaka mbili itapiga kwenye deki yoyote ya CD, lakini kwa ubora wa CD; isiyo na tabaka hiyo haitapiga kabisa. Deki nyingi za DVD hazisomi SACD. Hata ukipata inayosoma, waya wa optiko kwa kawaida haupitishi sauti ya SACD, hivyo unganisha kwa HDMI au nyaya za analogi.