Kusoma Kiingereza cha Kadi ya Mgonjwa

Katika hospitali nyingi za Tanzania mazungumzo huwa kwa Kiswahili, lakini kadi ya mgonjwa huandikwa kwa Kiingereza. Baadhi ya maneno yake hupotoka maana yanapofasiriwa kwa haraka. Mengine hufanana mno kwa sauti.

Neno "acute" lina asili ya Kilatini, kwa maana ya chenye ncha. Katika tiba huonyesha ugonjwa ulioanza ghafla. Wengi hulifasiri "kali", likachanganyika na "severe", ambalo hupima uzito wa ugonjwa. Mafua ya kawaida ni "acute", ilhali ni nadra kumlaza mtu hospitalini. "Chronic" nalo latokana na neno la Kigiriki la wakati: ni ugonjwa wa muda mrefu. Tafsiri iliyozoeleka, "sugu", si kosa, ila mgonjwa aliyekwisha kusikia habari za usugu wa dawa aweza kudhani kuwa ugonjwa wake hausikii tiba, akaacha vidonge vya presha ambavyo vingemlinda kwa miaka mingi. Afadhali aambiwe wazi kuwa ni "wa muda mrefu".

Hatari kubwa zaidi imo katika viambishi viwili vya Kigiriki: "hyper", yaani juu, na "hypo", yaani chini. Kwa matamshi ya wengi, haipa na haipo, hutofautiana kwa irabu ya mwisho tu. Mgonjwa wa kisukari mwenye "hypoglycaemia" sukari yake ya damu imeshuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita. Hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa. Akiwa anaweza kumeza, hupewa kitu chenye sukari mara moja. Mwenye "hyperglycaemia" sukari yake imepanda, na huenda akahitaji insulini. Insulini hiyo akidungwa yule wa kwanza, yaweza kumuua.

Kwa bahati, Kiswahili chenyewe kinatoa njia ya kukumbuka: "hypo" ni haipo. Sukari haipo, presha haipo. Kwa hakika ipo, ila ni kidogo, na chumvi hiyo inasameheka. Hata hivyo, muuguzi anayepokea taarifa kwa simu asitegemee sikio peke yake. Amwombe mwenzake ataje kipimo chenyewe, kama ni 2.6 au 24, kisha akirudie kwa sauti kabla ya kugusa sindano.