Usitikise Kichwa Kana Kwamba Umeelewa

Mdogo wangu wa Butembo, na wewe wa Beni, sogea nikuseme kidogo. Najua kaye yako imejaa maneno: Kiingereza kushoto, Kifaransa kulia, mpaka pembeni umebandika mengine. Usiku unakariri, asubuhi unawarushia wenzako. Halafu unavuka mpaka wa Kasindi kuingia Uganda, ofisa wa Mpondwe anakuuliza jambo dogo la mzigo, ulimi unaganda. Usilie, hamko wachache.

Sisi tumesomeshwa kwa Kifaransa, na Kifaransa hichohicho ndicho kinachotuponza. Maneno yake na ya Kiingereza yamevaa sare moja, tabia mbalimbali. Umezoea "demander", kuomba tu kwa adabu. Ukimwambia mwenye duka wa Kampala "I demand a discount", umemdai kwa ubabe, kisha unashangaa amenuna! Au muuzaji anakuandikia kwamba mzigo utafika "eventually". Wewe kichwani unasikia "éventuellement", yaani labda, unapiga simu unafoka. Maskini, yeye kasema utafika, ila baadaye. Ugomvi wa bure huo, mpenzi, na muuzaji mwema ameshakasirika.

Wazee walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi yaya wako nakwambia hivi: aulizaye huambiwa, basi uliza. Lipo neno "demurrage". Baya mdomoni, najua. Lakini kama bidhaa zenu hupitia bandari ya Mombasa, hiyo ndiyo tozo ya kontena lililokaa kupita siku za bure, na inaongezeka huku wewe unaona haya kuuliza. Lijue hilo kwanza. Hayo ya kupambia barua, sijui "ubiquitous", sijui nini, yatasubiri. Hakuna aliyewahi kulipishwa faini kwa kutoyajua.

Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, naona mmeshikwa na pupa ya kujifunza Kiingereza. Pupa ya nini? Anza na maneno yanayopita mkononi mwako: ya kwenye ankara, ya kwenye boksi la dawa, ya kwenye tangazo la kazi. Kila moja litungie sentensi ya mambo yako mwenyewe, ulitamke siku hiyohiyo mbele ya mtu. Wakikucheka, cheka nao, lakini usinyamaze. Ukinyamaza leo, kesho utaogopa zaidi.

Na karatasi yoyote ya mzigo yenye neno usilolielewa, mdogo wangu, usiitie saini mpaka mtu akueleze.