Neno la Siri Limekataa, Nifanyeje?

Ningependa tuzungumze juu ya jambo linalotutoa kijasho sote tunaoingia katika maabara ya kompyuta. Umeketi, umeandika jina lako, umeandika neno la siri (siku hizi wengine huliita nywila), kisha mashine inakujibu kavukavu kwamba ulichoandika si sahihi. Aka! Na jana iliingia vizuri tu.

Mimi yalinifika katika muhula wa pili. Zilibaki siku nne tukabidhi mradi wa somo la Kompyuta, ule unaohesabiwa kama karatasi ya tatu ya mtihani wa kitaifa, na kazi yangu yote ilikuwa ndani ya seva ya shule. Siku zote nilikaa mashine namba 7, pembeni mwa dirisha. Jioni hiyo nilimkuta mwanafunzi wa Kidato cha Pili ameshaikalia, nami nikaenda namba 12. Nikaandika neno langu. Likakataa. Nikarudia polepole. Likakataa. Nikarudia mara ya tatu, ya nne na ya tano, nikigonga baobonye kana kwamba natwanga mahindi. Hapo maandishi ya kiwamboni yakabadilika, nami kwa hasira sikuyasoma. Nilimgeukia mwenzangu wa dawati, ambaye juma lililotangulia alikuwa ameketi karibu nami nikiandika neno hilo, nikamwambia mbele ya watu, "Wewe ndiwe umebadilisha neno langu." Alinitazama tu, akachukua vitabu vyake akatoka.

Haya basi, tuliache hilo kidogo. Kosa langu la kwanza lilikuwa kutosoma. Kompyuta haisemi jambo moja kila mara. Ikisema jina au neno si sahihi, kuna herufi umekosea. Ikisema akaunti imefungwa, huenda neno lako ni sahihi kabisa, ila umekosea mara nyingi mno na mlango umejifunga. Ikisema haioni seva, usilaumu neno la siri hata kidogo, angalia waya. Mimi tayari nilikuwa nimefungiwa. Hapa shuleni ukikosea mara tano unafungiwa kwa dakika 30, na hata ukiandika neno sahihi katika muda huo hutaingia. Dawa yake ni kuondoa mikono kwenye baobonye na kusubiri, au kumwendea mwalimu anayesimamia maabara.

Nikiwa nimekaa pale kama kuku aliyenyeshewa, mwalimu alinijia akauliza swali moja: "Neno lako lina alama yoyote isiyo herufi wala namba?" Nikajibu, "Ndiyo, mwalimu, lina @." Akacheka. Muda ulipokwisha alinirudisha namba 7, nikaandika neno langu, na mlango ukafunguka mara moja! Kisha akaniambia nitoke, nirudi kwenye ukurasa wa kuingilia, na niigonge ile @ katika nafasi ya jina, mahali ambapo herufi huonekana badala ya kufichwa kwa vitone. Nikaigonga. Kiwamboni ikatokea alama ya kufungulia usemi: ".

Sababu ni hii. Baobonye ya namba 7 ni ya Kiingereza cha Uingereza. Kwenye baobonye za aina hiyo alama ya @ iko karibu na kitufe cha Enter, na alama ya usemi iko juu ya 2. Kwenye za Marekani mambo ni kinyume: @ iko juu ya 2. Sasa mashine ile ilikuwa imepangwa ndani kana kwamba baobonye yake ni ya Marekani. Mimi nilifuata kilichochorwa kwenye kitufe, nayo ikaandika kilichomo katika mpango wake. Kwa hivyo tangu siku nilipolitunga, neno langu halikuwahi kuwa na @ ndani yake. Maskini namba 12 ilikuwa imepangwa sawasawa, ikaandika @ ya kweli, na seva ikakataa kwa haki.

Tangu siku hiyo, neno likinikataa mara mbili, naacha. Nahakikisha hakuna aliyesimama nyuma yangu, naliandika katika nafasi ya jina nilione kwa macho, kisha nalifuta. Ukifanya hivyo utagundua makosa mengi ajabu. Utaona kama kitufe cha Caps Lock kimewaka na herufi zako zote ni kubwa. Neno la siri hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Utaona kama namba za upande wa kulia haziandiki kitu kwa sababu Num Lock imezimwa. Utaona pia kitufe kilichokwama kwa vumbi, nalo vumbi letu mnalijua.

Kuna kituko kingine ambacho kiliwahi kuzua mabishano. Waya wa mtandao umechomoka, lakini fulani anaingia vizuri na wewe unakataliwa. Si uchawi, jamani. Mashine ya Windows iliyounganishwa na seva hukumbuka watu wachache walioingia humo karibuni, kwa kawaida 10 wa mwisho, na huweza kuwafungulia hata seva isipoonekana. Aliyekuja kwenye mashine hiyo kwa mara ya kwanza hana bahati hiyo. Chomeka waya, taa ndogo ya nyuma iwake, ujaribu tena.

Tena tazama saa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo kama sarafu. Ikifa, mashine ikizimwa husahau tarehe na kuamka miaka mingi nyuma. Kwa kawaida seva ya Windows haikubali saa zipishane kwa zaidi ya dakika 5, ili mtu asinase ruhusa ya zamani akaitumia baadaye. Saa ikiwa mbovu, unaweza kukataliwa ilhali neno lako halina kasoro.

Na ukisahau kabisa? Usimwombe mwalimu akutajie neno lako, maana hawezi. Seva haihifadhi neno lenyewe bali namba ndefu inayopatikana kutokana nalo, kwa hesabu isiyorudishwa nyuma. Mwalimu anachoweza ni kukupa jipya. Zamani haikuwa hivyo. Katika chuo cha MIT nchini Marekani, miaka ya 1960, faili ya maneno ya siri ilibadilishana nafasi kwa bahati mbaya na faili ya tangazo la siku, na kila aliyeingia akasomewa maneno ya wenzake wote!

Hapa nina neno kwa wasimamizi wa maabara, kwa heshima. Tunalazimishwa kubadilisha neno kila muhula, nasi tunaliandika nyuma ya daftari. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha kila mara bila sababu, na kwamba urefu wa neno una faida kuliko kulijaza alama. Maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, yaliyounganishwa, hukumbukwa kwa urahisi na hayahitaji @. Nami sitaki kuiona @ tena.

Mradi niliukabidhi siku moja kabla ya mwisho. Mwenzangu wa dawati nilimwomba radhi usiku uleule, bwenini, mbele ya wale wale waliosikia nikimshutumu. Alisema, "Haya, yamepita." Lakini juma zima alikula meza nyingine, na hata leo nikianza kuandika neno langu, yeye hugeuza kiti chake akatazama ukutani. Mashine namba 7 ilipangwa upya kesho yake, nami nikalazimika kutunga neno jipya.