Simu haisomi memori kadi? Usibonyeze chochote kabla hujamaliza kusoma hapa

Leo mbegu na mbolea tuziweke pembeni kidogo. Kuna swali limenifuata msimu huu kutoka kwa vijana wa vikundi tofauti, wengine wakinipigia usiku kabisa: "Bwana shamba, simu yangu haioni memori kadi, nifanyeje?"

Najua wapo watakaosema hiyo ni kazi ya fundi simu, si ya afisa ugani. Sawa. Lakini hebu jiulize ndani ya hiyo kadi kuna nini. Kuna picha za daftari la upuliziaji, lebo za viuatilifu ulivyotumia, risiti za pembejeo, picha za zao tangu kitaluni mpaka linapangwa kwenye kreti. Mnunuzi wa mboga za kwenda nje ya nchi hanunui maharage machanga kwa kuyaangalia tu. Anataka kujua ulipuliza nini, tarehe ngapi, kipimo gani, na ulisubiri siku ngapi ndipo ukavuna. Afisa mikopo naye anataka kuona msimu uliopita ulitumia nini ukapata nini. Kadi yenyewe ni bei ndogo, kilichomo hakiuzwi dukani.

Kwa hiyo kanuni ya somo la leo ni hii, na yote yanayofuata yanatoka humo: okoa kilichomo kwanza, kurekebisha kadi au simu kunakuja baadaye. Wengi tunafanya kinyume.

Ule ujumbe unaokushawishi

Kadi ikigoma, simu nyingi zinaleta ujumbe juu ya kioo kwamba kadi imeharibika au haitambuliki, halafu inakuambia gusa hapa uiandae upya. Ukigusa na kuendelea kukubali kila linaloulizwa, mwisho wa safari ni kufomati. Simu haina nia mbaya, inataka kadi inayofanya kazi. Picha zako haizijali.

Kufomati ni sawa na kuchana ukurasa wa orodha kwenye daftari la stoo. Mara nyingi mizigo bado ipo ndani, ila hakuna tena anayejua kipi kiko wapi, na ukianza kuingiza mizigo mipya inakaa juu ya ile ya zamani. Simu nyingine zinakwenda mbali zaidi, zinafagia stoo yenyewe. Ndiyo maana nasema ujumbe huo uache hapo hapo ulipo. Usipige picha mpya na kadi hiyo. Zima simu.

Anza na nozo, si injini

Pampu ya kupulizia ikigoma kutoa dawa, huanzi kufungua injini. Unaangalia nozo, chujio, mpira. Hapa ni vile vile.

Simu ikiwa imezimwa, toa kadi. Nasisitiza imezimwa, kwa sababu kuchomoa kadi simu ikiwa katikati ya kuandika ni njia moja rahisi ya kuivuruga orodha niliyoitaja hapo juu. Itazame upande wenye vile vipande vya rangi ya dhahabu. Kwenye kadi ndogo za simu viko vinane. Hivyo ndivyo vinavyogusana na simu, na kwa sisi tunaoshinda shambani ndipo matatizo mengi yanapoanzia: vumbi, jasho la mfukoni, na matone ya dawa pale bomba la mgongoni linapovuja. Futa kwa kitambaa laini kikavu. Kama kuna utando haujatoka, chukua ufutio wa penseli, sugua taratibu, kisha pangusa chembe zote. Usitumie kisu, usitumie msasa, na maji usiyaguse kabisa.

Tundu la kadi mulika kwa tochi. Ukiona unyevu, acha simu wazi ikauke kivulini. Habari ya kuifukia simu kwenye mchele mimi siipendi, unga wa mchele nao unaingia humo humo ndani. Na mkiniuliza kuhusu jua, kadi nyingi zimetengenezwa kuvumilia joto la nyuzi hata 85 za Selsiasi, kwa hiyo joto la kitalu nyumba peke yake si mshukiwa wangu wa kwanza. Unyevu na uchafu ndio nawashuku.

Sasa rudisha kadi, lakini angalia trei kwa makini. Simu nyingi za laini mbili zina nafasi ya pili ambayo ni ya kuchagua: ama laini, ama memori kadi. Viwili pamoja havikai. Kijana mmoja wa pilipili hoho alinijia akiwa na hakika kadi yake imekufa. Kumbe wiki hiyo alikuwa amenunua laini ya pili kwa ajili ya malipo ya wateja, aliyemuwekea akaitoa kadi na kuibana nyuma ya kava la simu. Kadi ilikuwepo pale siku zote! Tulicheka, lakini alikuwa ameshalala usiku mmoja bila usingizi.

Ikishakaa vizuri, washa simu, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi. Wakati mwingine kadi inaonekana hapo ila haijaunganishwa, na kuna sehemu ya kuiunganisha tena. Hiyo bonyeza bila wasiwasi. Soma neno kwa neno tu, maana kufomati huwa kumewekwa hapo hapo jirani.

Mgonjwa ni kadi au ni simu?

Bado haionekani? Basi tutenganishe. Tafuta kadi nyingine inayofanya kazi, uiweke kwenye simu yako. Ikisomwa, simu yako ni nzima na mgonjwa ni kadi. Isiposomwa, tatizo ni tundu au simu yenyewe, na kadi yako huenda haina shida yoyote. Halafu chukua kadi yako uiweke kwenye simu nyingine, au kwenye kompyuta kwa kile kifaa kidogo cha kusomea kadi. Majaribio haya mawili yanakuambia zaidi ya maelezo ya saa nzima ya mtu aliyekaa dukani.

Ila kuna mitego miwili ya kuijua kabla hujatoa hukumu.

Wa kwanza ni ukubwa. Kadi za mpaka GB 2 ni SD za kawaida. Zaidi ya hapo mpaka GB 32 zinaandikwa HC, na zinazozidi GB 32 zinaandikwa XC. Hizi za XC kwa kawaida zinapangwa kwa mfumo uitwao exFAT, ambao simu nyingi za zamani hazijui kuusoma. Ukiitoa kadi ya GB 64 kwenye simu mpya ukaijaribu kwenye simu ya zamani ya mzee nyumbani, itakuambia kadi ni tupu au haijafomatiwa. Kadi ni nzima kabisa! Jaribu kwa simu ya umri unaofanana au kwa kompyuta.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, na huu ndio umenifanya niandike makala hii.

Kadi iliyofunga ndoa na simu moja

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu nyingi zinakupa chaguo mbili unapoweka kadi mpya. Moja, iwe hifadhi ya kuhamishika. Mbili, iwe sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu. Ile ya pili inavutia, hasa kwa simu yenye nafasi ndogo inayolalamika imejaa kila siku. Lakini ukiichagua, simu inafunga kila kitu kwenye kadi kwa funguo, na funguo hiyo inabaki ndani ya simu ile ile. Ukiipeleka kadi kwenye simu nyingine au kompyuta, haisomeki. Itaonekana kama imeharibika, na itakuomba uifomati.

Kuna kijana analima maharage machanga, naye ni makini kuliko wengi wetu. Daftari lake la upuliziaji lililowa mvua siku moja, toka hapo akawa anapiga picha kila ukurasa jioni. Misimu miwili yote ilikuwa kwenye kadi. Simu ikaanguka kwenye zege la banda la kupangia mazao, kioo kikafa, akanunua nyingine. Kadi akaihamisha. Simu mpya ikasema kadi imeharibika. Mtu wa kwanza aliyemwonyesha akamwambia afomati, ni dakika moja tu. Na siku tatu mbele mnunuzi alikuwa anakuja kukagua kumbukumbu.

Nilimuuliza swali moja: ulipoiweka kadi hii mara ya kwanza, simu ilikuuliza kama iwe hifadhi ya ndani? Akakumbuka ndiyo, alikubali kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Nikamwambia ile simu ya zamani isiuzwe, isifunguliwe vipuri, na mtu yeyote asiirejeshe kwenye hali ya kiwandani, kwa sababu kufanya hivyo kunafuta funguo. Kilichotakiwa ni kioo tu. Kioo kilikuwa ghali mara kadhaa kuliko kadi, na akasita, nami namwelewa. Lakini linganisha na mzigo wa msimu mzima unaokataliwa kwa kukosa kumbukumbu, unakuta hesabu inajieleza. Kikabadilishwa, kadi ikarudi kwenye simu yake, picha zote zikafunguka. Tulizihamishia kwenye kompyuta jioni hiyo hiyo.

Kwa hiyo kama simu yako ya zamani imekufa na kadi haisomeki popote, jiulize swali hilo kwanza. Kama jibu ni ndiyo, hakuna programu wala fundi wa kukutolea picha kwenye kadi peke yake. Njia ni kuifufua simu.

Kadi ikiwa ndiyo mgonjwa

Kama kadi haikufungwa na simu, peleka kwenye kompyuta. Windows ikikuambia diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, bonyeza kughairi. Ni ule ule ushawishi wa simu, umebadilisha nguo. Kama folda zinafunguka, hata kwa kusuasua, nakili kila kitu muda huo huo, ukianza na picha za kumbukumbu. Muziki na video za harusi zitafuata kama kadi itakubali.

Kama hazifunguki, ipo programu ya bure inaitwa PhotoRec. Inasoma kadi bila kuandika chochote juu yake, na inatoa picha hata kama orodha imevurugika au kadi imeshafomatiwa kwa bahati mbaya, ilimradi hazijaandikiwa juu wala kufagiliwa. Picha zinazotoka uzihifadhi kwenye kompyuta, siyo kwenye kadi hiyo hiyo. Majina ya zamani hutayapata, yatakuja ya namba. Usife moyo: picha iliyopigwa na kamera ya simu kwa kawaida hubeba tarehe yake ndani, fungua taarifa za picha utaiona, alimradi saa ya simu ilikuwa sahihi. Tarehe ndiyo anayoitaka mnunuzi.

Baada ya kuokoa, na siyo kabla, ndipo unaweza kujaribu kuitengeneza kadi kwa amri ya chkdsk kwenye Windows, au kuifomati ukaanza upya. Mimi kadi iliyonigomea mara moja siiamini tena kwa kumbukumbu za shamba. Naiachia muziki.

Kuna dalili moja ambayo hata kwenye muziki sipendekezi: unafuta picha, unazima simu, ukiwasha picha zimerudi. Kadi hiyo imefika mwisho, imejifunga haikubali tena kuandikwa. Ina fadhila moja, bado inasomeka. Nakili vilivyomo uitupe. Ila kama unatumia ile adapta kubwa kwenye kompyuta, angalia kwanza kile kitufe cha pembeni, kikisogezwa upande wa kufunga kompyuta haitaweza kuandika hata kama kadi ni nzima.

Na kadi feki zipo, tena nyingi. Imeandikwa GB 64, ndani ni 8 tu. Mwanzoni inafanya kazi vizuri kabisa, ikishajaa hiyo nane ya kweli, picha mpya zinakuwa za kijivu au hazifunguki. Ukinunua kadi, siku ya kwanza ikiwa bado tupu, ipime kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw. Inaijaza kadi yote na kusoma tena kama vilivyoandikwa vipo. Inachukua muda, iache usiku.

Nakala ya pili iwe wapi

Kabla hujalia, kumbuka picha ulizotuma au kupokea kwa WhatsApp kwenye Android hukaa kwenye simu yenyewe, siyo kwenye kadi. Kama kila jioni ulikuwa unamtumia msimamizi wa kikundi picha ya ukurasa wa upuliziaji, nakala ipo kwako na ipo kwake. Akaunti ya Google nayo inakupa GB 15 za bure, kwa picha, barua pepe na mafaili yote kwa pamoja. Kwa picha za daftari peke yake ni misimu mingi. Ila hakikisha umewasha uhifadhi huo na kuchagua folda ya kadi, maana mara nyingi folda za kadi hazihesabiwi mpaka uziguse mwenyewe.

Ijumaa ukiwa mjini kwenye kifurushi, fungua akaunti yako kwa simu ya mtu mwingine uone kama ukurasa wa wiki hii umefika. Usipouona, rudi kwenye mipangilio kabla hujapanda gari.