SOMO: Kabla ya Kufungua Faili ya Hesabu za Kikundi

Ndugu wanakikundi, daftari la karatasi likiachwa, hisa, mikopo na akiba ya bonasi ya chai vyote huhamia kwenye faili ya Excel. Faili hiyo hutembea kwa flashi kutoka kwa mweka hazina hadi saiba pale Bomet na kurudi Merigi. Leo tujifunze kuchungulia kama imebeba makro.

Makro ni nini? Ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya faili ili kompyuta iyafuate yenyewe. Si kitu kibaya. Inaweza kuwapigia riba ya wanachama wote mara moja. Lakini mwingine anaweza kuandika agizo la kufuta au kuiba. Julai 1996 virusi vya makro vya Excel vilivyoitwa Laroux vilipatikana kwenye kampuni za mafuta huko Alaska na Afrika Kusini. Vilijinakili tu kutoka faili hadi faili, lakini njia ilishajulikana.

Tangu 2022 Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Faili ya flashi, kumbe, mara nyingi haiguswi na kizuizi hicho.

Sasa tuchungulie. Jina likiishia na .xlsm, faili inaruhusiwa kubeba makro. Tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina la nakala uwe .zip, kisha ifungue na uingie folda ya xl. Ukiona vbaProject.bin, au folda iitwayo macrosheets, basi makro zimo. Na Excel yenyewe hujaigusa!

Faili ya zamani, .xls, haikubali njia hiyo, nami naiogopa zaidi kwa sababu jina lake halisemi kitu. Mwombeni kijana aliyesoma kompyuta aweke olevba, programu ya bure inayosoma faili bila Excel. Inaweza kupitia hata folda nzima ya hesabu za miaka iliyopita. Atafute maneno Auto_Open na Workbook_Open: ni majina ya maagizo yanayoanza yenyewe faili ikifunguliwa.

Zikipatikana, msibonyeze kitufe cha kuruhusu makro. Ulizeni kwanza nani aliziandika na zinafanya kazi gani. Kama hakuna anayejua, andikeni hesabu upya katika faili mpya, mkifuata kitabu cha risiti. Ni kazi ya jioni kadhaa, ndiyo, lakini hizo ni pesa za wamama na wazee wetu.

Ya kujadili kikundini: Nani anashika flashi yenu? Nakala ya pili iko wapi?