Banda la Nguzo kwa Trekta Ndogo: Mwongozo kwa Mfugaji wa Kianyaga

Mpunga unapovunwa Mwea, pikapu na lori hupanda kuelekea Kianyaga zikiwa zimesheheni marobota ya majani yake. Mfugaji wa huku kwetu Gichugu, ambaye shamba lake limejaa chai au kahawa na halina nafasi ya nyasi, huyanunua wakati huo yakiwa tele na kuyaweka akiba ya kiangazi. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022 pale Rukenya, limewaongezea wakulima wa Mwea maji, na mpunga ukizidi majani nayo huzidi. Shida ni mahali pa kuyaweka. Robota lililofunikwa nailoni nyuma ya zizi huota ukungu, na chakula chenye ukungu si cha kumpa ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu ya ukungu huweza kupitia kwake hadi kwenye maziwa ya watoto.

Banda la nguzo linatosha kabisa kwa kazi hii. Nguzo huchimbiwa ardhini, paa likakaa juu yake, bila msingi wa mawe wala kuta za kubeba uzito. Hapa nazungumzia banda la mita 6 kwa 9: nguzo nne kila upande mrefu, zikiachana mita 3, jumla nane. Theluthi mbili za eneo hilo hubeba mamia ya marobota, na theluthi inayobaki hulaza trekta ndogo, kama unayo.

Kwanza pita ofisi ya kaunti ndogo uulize kibali. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 imezipa serikali za kaunti kazi hiyo, na kuuliza mapema ni nafuu kuliko kuagizwa ubomoe. Ukinunua mbao au nguzo za kusafirishwa barabarani, hakikisha zina kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya. Chagua pia mahali pasipopita nyaya za umeme juu, maana nguzo na mabati marefu hugusa nyaya kabla hujatambua.

Kisha tazama mteremko. Kianyaga ni nchi ya migongo na mabonde, na kupata uwanja tambarare wa mita 9 mara nyingi humaanisha kukata udongo upande wa juu na kuujaza upande wa chini. Trekta hufanya kazi hiyo kwa saa chache, lakini udongo wa kujazia haushiki nguzo. Kina cha shimo kihesabiwe kuanzia udongo wa asili, hata kama upande wa chini italazimu ununue nguzo ndefu zaidi. Upande wa juu chimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua yapite kando. Bila mtaro huo, maji ya Aprili yataingia ndani moja kwa moja.

Uhai wa banda la aina hii uko pale nguzo inapokutana na udongo. Hapo pana unyevu, pana hewa na pana mchwa, na hapo ndipo nguzo huoza huku sehemu ya juu ikiwa bado nzima. Nunua nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, zile zenye rangi ya kijani. Dawa huingia kwenye mbao ya nje tu. Kiini cha mkaratusi hakiipokei. Kwa hiyo ukikata nguzo, umefungua mlango wa kiini. Ikibidi kukata, kata ncha ya juu, na ile ya kiwandani iende shimoni. Vipande vilivyobaki usivitumie jikoni kama kuni wala usivitengenezee hori, kwa kuwa dawa nyingi za aina hiyo zina arseniki. Mwerezi mkavu wenye kiini kipana nao hudumu sana ukiupata kihalali. Mkima wa shambani, ambao karibu kila boma la kahawa linao, ni mbao nzuri ya paa, ila usiuchimbie ardhini, kwani mchwa huumaliza upesi.

Nguzo ya mita 4 iingie ardhini mita 1. Shimo liwe na upana wa sentimita 45 hivi, na chini uweke zege au jiwe bapa la kukalia nguzo. Udongo wetu mwekundu wa volkeno ni rafiki wa mjenzi ukiwa na unyevu kidogo: hukatika vizuri na kuta za shimo husimama. Ukilowa sana hunata kwenye koleo, na keekee ya trekta ya kuchimbia mashimo huzilainisha kuta mpaka zing'ae kama chungu kilichosuguliwa. Kuta za namna hiyo hazishikani na udongo wa kurudishia. Zikwaruze kwa panga kabla ya kusimamisha nguzo.

Watu wengi hukodi trekta wakiwaza mashimo. Kwa mashimo manane, mimi ningewapa kazi hiyo vijana wawili wenye mtaimbo na koleo, na trekta ningeilipia kubeba: nguzo, kokoto, mchanga, mbao, na udongo wa kusawazisha. Trekta ya kukodi hulipwa iwe inafanya kazi au imesimama ikisubiri simenti, kwa hiyo kila kitu kiwe kimenunuliwa kabla haijaingia shambani. Ile ya magurudumu mawili inayotumika kwenye majaruba ya Mwea inafaa kuvuta tela tu, na kwenye miteremko mikali hata hilo lina hatari.

Ukiamua kutumia keekee, jua unachokaribia. Shafti inayoiendesha, ile inayotoka nyuma ya trekta, kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikinasa ncha ya leso, mkono wa sweta au kamba ya koti, mtu huvutwa kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele. Shafti isiyo na kifuniko isiwashwe. Anayesaidia asimame mbali, na asiielekeze keekee kwa mkono wala kwa mguu. Ishushe kidogo, iinue itapike udongo, kisha ishushe tena, kwa maana kwenye udongo mzito hujizamisha kama skrubu na kukwama. Ikikwama, zima injini, toa ufunguo, ndipo uizungushe kinyume kwa spana kubwa.

Mteremko nao umeua madereva wazoefu. Panda na ushuke ukiufuata mteremko wenyewe. Usiukate kwa ubavu. Mzigo ukiwa mbele kwenye ndoo, uende chini karibu na ardhi. Ukivuta gogo au kisiki, funga mnyororo kwenye upau wa chini wa kuvutia, kamwe usiufunge juu ya ekseli, kwa sababu mbele ya trekta huinuka na kumwangukia dereva kwa nyuma kwa muda mfupi kuliko wa kukanyaga klachi. Trekta iwe na fremu ya kumkinga dereva, naye afunge mkanda. Watoto wakae nyumbani siku hiyo, hata wakililia kuiona.

Kupiga skwea hakuhitaji mtaalamu. Pima mita 3 upande mmoja wa kona na mita 4 upande wa pili. Umbali kati ya ncha hizo ukiwa mita 5 kamili, kona imenyooka. Kisha pima banda zima kutoka pembe hadi pembe: njia zote mbili zitoke mita 10 na sentimita 82. Simamisha nguzo za kona kwanza, vuta uzi, halafu zifuate za kati. Watu watatu huisimamisha nguzo moja bila trekta. Iangalie kwa timazi pande mbili, ishikize kwa mbao, kisha rudisha udongo na kokoto kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka ukilishindilia kwa gogo mpaka lilie kavu. Juu kabisa uache kilima kidogo cha kumwaga maji nje.

Vichwa vya nguzo viunganishwe kwa mbao nene, na kenchi zikae kila mita 1 na nusu, saba kwa jumla. Upepo hulivuta paa juu kuliko unavyodhani, hivyo funga kila kenchi kwa ukanda wa chuma pamoja na misumari, na weka mbao za mshazari kati ya nguzo na paa, urefu na upana. Mabati ya geji 28 yanagharimu zaidi ya yale ya geji 32, ila gharama hiyo ni ya mara moja. Misumari ipigwe kwenye mgongo wa bati, isipigwe bondeni. Anayepanda juu atumie ngazi au jukwaa. Kusimama kwenye ndoo ya trekta iliyoinuliwa kumeleta vifo.

Pepo za kusini-mashariki hutuletea unyevu wa Bahari ya Hindi, na mvua huja nazo kwa mshazari. Tazama nyumba za zamani za jirani uone ukuta upi umeharibiwa na maji, kisha uzibe upande huohuo wa banda lako kwa mabati au mbao. Pande nyingine ziache wazi upepo upite. Weka mifereji ya paa pia: paa hili, pamoja na kingo zake, hukusanya karibu lita 600 kwa kila milimita 10 za mvua.

Januari na Februari ndiyo miezi bora ya kujenga. Mvua za Machi zikishuka, zunguka kila nguzo, uongeze udongo palipodidimia na kuushindilia tena. Marobota yalazwe juu ya fito, yasiguse sakafu, na kwa majuma ya kwanza utie mkono katikati ya rundo kila baada ya siku mbili tatu. Ukihisi joto, majani yaliingia yakiwa mabichi: yatoe uyaanike siku hiyohiyo, kwa sababu rundo la namna hiyo linaweza kujiwasha moto lenyewe.